Timu ya Mstari wa Ndoo

Jumamosi, tarehe 17 Juni 1995. Asubuhi kulikuwa na ubaridi na ukungu mwepesi juu ya ziwa. Kufika saa nne jua likawa kali, na mchana upepo wa ziwani ukaanza kupandisha vumbi.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile katika daftari langu. Chini yake kuna maneno machache tu: tumecheza, tumeshinda kwa goli moja, nimemkosea mtu mmoja, pengine wawili. Daftari hilo bado ninalo, ni lile kubwa la jalada gumu tulilokuwa tunapewa kiwandani. Leo nataka kuyaeleza maneno yale. Elimu yangu ni darasa la saba, na sina uhakika kama jambo lililonisumbua mimi linaweza kumsumbua mtu mwingine. Lakini wasichana wale wanastahili kuandikwa, na kama hawataandikwa na aliyewapikia, sijui wataandikwa na nani.

Nilikuwa mpishi katika shule ya sekondari ya wasichana, kando ya ziwa. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha nguo, kwenye mashine za kusokota nyuzi. Wakati ule viwanda vilikuwa na timu zake, na netiboli ilikuwa jambo kubwa. Watu walijaa uwanjani Jumamosi kama harusini. Nilicheza ulinzi wa pembeni. Sikuwa hodari, nasema kweli. Katika timu yetu walikuwepo kina mama watatu walionizidi kwa kila kitu. Mimi nilipangwa kwa sababu nilikuwa sichoki.

Halafu kikaja kipindi cha kupunguza watu. Ilianza kufa timu, ikafuata zamu ya usiku, tukafuata sisi. Mume wangu alikuwa fundi mitambo pale pale, tukapewa barua zetu za kuachishwa kazi wiki moja. Yeye akaanza kufyatua matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba yetu, Kiseke, ambako siku hizo mashamba yalikuwa bado mengi kuliko nyumba, na kila aliyejiweza mjini alikuwa anajenga. Mimi nikapata jiko la shule.

Mwaka ule wa 1995, shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu wa michezo hakurudi. Alikuwa ameacha kazi, ameenda kuuza mitumba sokoni. Watu walimsema sana. Mimi sikumsema, kwa sababu alikuwa na watoto wanne, na nilipokutana naye sokoni alinichagulia sketi nzuri ya binti yangu bila mimi kuomba.

Wiki ya pili mkuu wa shule aliingia jikoni. Alikuwa mama mkali, mwenye hatua fupi fupi, asiyependa maneno mengi. Alisema ameambiwa kwamba nilicheza netiboli kiwandani. Nikamjibu kwamba ni kweli nilicheza, ila kufundisha sijui, sijawahi kusomea.

"Kupika ulisomea wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia nilifundishwa na mama yangu.

"Basi," akasema, akatoka.

Ndivyo nilivyopewa timu. Mwenzangu wa jikoni, mama mtu mzima aliyetoka upande wa Magu, alicheka mpaka akaweka chini mwiko. Yeye aliniita mdogo wangu, nami kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijafunga kanga kiunoni. Alisema sasa shule imepata mwalimu anayenuka moshi. Lakini ni yeye aliyeniwezesha. Maharage ya watu mia tatu hayaivi haraka; tuliyabandika saa nane, na kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja alikaa peke yake akichochea kuni na kuongeza maji, ili mimi nikasimame uwanjani na filimbi. Siku niliyochelewa kurudi na maharage yakaungua, alimwambia mkuu wa shule kwamba aliyasahau yeye. Nilikwenda siku ya pili yake kumweleza mkuu ukweli. Mwenzangu alininunia siku mbili kwa sababu hiyo.

Uwanja ulikuwa wa udongo mgumu, katikati ya bweni la pili na mawe makubwa. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni. Chokaa ilikuwa imekwisha, majivu hayakuisha kamwe.

Sasa nieleze habari ya ndoo, maana yote yalitoka huko.

Mwezi wa pili magugu maji yaliletwa na upepo yakajaa kwenye ghuba yetu. Ukisimama juu ya mawe ungedhani ziwa limekuwa shamba la mboga. Yakaziba mdomo wa bomba, pampu ikaungua, na shule nzima ikakosa maji huku inayatazama. Ndipo tukaanza mstari. Njia ya kutoka ziwani inapita ubavuni mwa jiwe moja refu, nyembamba, hawawezi kupishana watu wawili wenye mizigo. Wasichana walisimama mgongo kwenye jiwe, mmoja baada ya mwingine, kuanzia majini hadi kwenye mapipa ya jikoni. Ndoo iliyojaa ilipokewa kushoto ikatolewa kulia, ikapokewa kushoto ikatolewa kulia, mpaka juu. Ndoo tupu walizirudisha wadogo wa kidato cha kwanza kwa kuzungukia nyuma ya mabweni, wakizigonga kama ngoma.

Aliyesimama majini alikuwa msichana wa kidato cha nne kutoka Ukerewe. Yeye ndiye aliyesukuma magugu kwa paja, akachota, akatoa ndoo ya kwanza. Asubuhi za baridi alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Sijawahi kuona mtoto wa watu anayefanya kazi vile bila kuangalia kama anaangaliwa.

Siku moja nikiwa nimesimama kwenye mapipa nilitazama mstari ule nikaona kitu. Hawakuwa wanaangalia mikono yao. Walipokea ndoo macho yakiwa kwa mwenzao, wakaitoa kabla haijatulia, na maji hayakumwagika. Kiwandani tulihangaika miaka kupata pasi za namna hiyo. Nikawaza, jamani, netiboli si ndiyo hii? Mpira huruhusiwi kukaa nao, huruhusiwi kutembea nao, ni kupokea na kutoa. Basi nikachagua karibu timu yangu yote kutoka kwenye mstari, na uwanjani nikawapanga vile vile, tena kwa mfuatano ule ule. Nilipiga filimbi, mpira ukakimbia kama ndoo. Ndani ya mwezi mmoja walikuwa wanapeleka mpira kutoka goli hadi goli bila kugusa ardhi.

Nilijivuna. Niliandika kwenye daftari kwamba nimegundua jambo. Leo nikiusoma ukurasa huo najionea aibu kidogo, ingawa siwezi kusema lilikuwa jambo la uongo. Tulizifunga shule nne za mjini na vitongojini. Mfungaji wetu alikuwa binti wa wafugaji, mrefu, mtaratibu, anayeutazama mpira kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Msaidizi wake alikuwa mtoto wa familia ya Kihindi yenye duka mjini tangu zamani, aliyevaa suruali ndefu chini ya sketi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Na wingi, yule anayezunguka pembeni na kuwalisha wafungaji mpira, alikuwa ni yule yule msichana wa Ukerewe. Aliuchota mpira kama alivyochota maji.

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu, pale pale shuleni. Naye alicheza wingi.

Hakuwa wa bweni. Wanafunzi wa kutwa walikuwa wachache, walifika mstari wa ndoo ukiwa umekwisha, kwa hiyo hakuwahi kusimama pale. Jioni na Jumapili alimsaidia baba yake kwenye tanuru. Baba alisimama chini akirusha matofali mawili mawili, yeye juu akiyadaka na kuyapanga, mengine upande huu, mengine upande ule, kulizunguka tanuru lote. Mikono yake ilikuwa na sugu kama ya mwanamume. Wiki tatu kabla ya mashindano nilianza kuandika kwenye daftari kila mchezaji alivyodondosha mpira mazoezini. Niliandika kwa alama, kwa siri, ili nisidanganywe na macho yangu. Aliyedondosha mara chache kuliko wote alikuwa yeye. Nililiona hilo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Wote timuni waliniita mama, kwa sababu wapishi wote tuliitwa mama. Yeye peke yake akiwa uwanjani hakuniita chochote.

Nje ya geti kulikuwa na mama mwenye kibanda cha maandazi, mcheshi, niliyetaniana naye kila siku. Jumatano ya wiki ya mechi, nikipita, akaniambia mbele ya watu:

"Tunasubiri orodha, mama mpishi. Mwenye upawa hakosi mchuzi."

Watu wakacheka, mimi nikacheka nao. Sina hakika kama alikusudia ubaya, nadhani hakukusudia. Lakini neno lile lilikwenda na mimi mpaka jikoni, likakaa. Jioni nilibandika orodha ya timu kwenye mlango wa jiko. Msichana wa Ukerewe wingi. Binti yangu mchezaji wa akiba.

Binti yangu aliniambia kesho yake nyumbani, tukiwa tumechuchumaa jikoni, yeye anachekecha unga, mimi napuliza moto.

"Wenzangu unawapanga kwa wanavyocheza," alisema. "Mimi unanipanga kwa watakavyosema watu."

Nilimwambia alete kuni. Ndiyo, hilo ndilo jibu nililompa mwanangu, na kuni zilikuwapo za kutosha.

Mechi ilikuwa ya kumpata mwakilishi wa mkoa kwenye mashindano ya kanda. Wapinzani wetu walikuwa wasichana kutoka ng'ambo, Sengerema, waliovuka asubuhi kwa kivuko cha Kamanga. Tuliwasikia wakiimba kabla hatujawaona. Walikuwa wamevaa fulana nyekundu zinazofanana, na mwalimu wao alikuwa mwalimu wa michezo wa kusomea, mwanamama mwembamba mwenye kofia, filimbi shingoni na ubao mdogo mkononi. Niliangalia kanga yangu yenye madoa ya maharage. Ningeweza kuibadilisha; kwa haraka za asubuhi nilisahau.

Watu walikuwa wengi. Wazazi, walimu, mama wa maandazi na beseni lake. Mume wangu alisimama mbali karibu na mawe, mikono nyuma. Babu wa yule mtoto wa Kihindi aliletwa kwa gari, akawekewa kiti kivulini, na pembeni yake gunia la machungwa aliyotuletea.

Robo ya kwanza tulikwenda sawa, tano kwa tano. Mpira ulikimbia, watu wakapiga makofi, na mimi nikaanza kuamini kwamba huenda kweli najua kitu. Mwalimu wa Sengerema hakupiga kelele hata mara moja. Aliangalia tu, akiandika kwenye ubao wake. Mapumziko mafupi aliwaita wasichana wake, akawaeleza kwa mkono, akiuelekeza upande mmoja.

Robo ya pili mambo yakageuka. Kila mpira tuliotoa ulikuta mtu mwekundu amesimama pale pale. Senta wetu alitoa, ukakatwa. Mlinzi alitoa, ukakatwa. Sikuelewa. Nilidhani wamechoka, nikadhani ni woga, nikadhani ni upepo. Magoli yakafika saba kwa kumi na tatu.

Ndipo mwenzangu wa jikoni akashuka na ndoo ya maji ya kunywa. Alikuwa hajui netiboli, hakuwahi kuipenda. Alisimama akatazama dakika mbili, tatu, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

"Mdogo wangu, mbona watoto wako wanapeleka ndoo?"

Nikatazama. Mungu wangu. Kila mmoja alipokea kushoto, akatoa kulia. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Upande wa kushoto wa uwanja ulikuwa mtupu kama shamba lililovunwa, hakuna aliyekwenda, hakuna aliyetazama. Miezi minne walikuwa wamesimama mgongo kwenye jiwe, na mimi kwa majivuno yangu nikalileta lile jiwe mpaka uwanjani. Shule zile nne tulizozifunga hazikuwa na mwalimu wa kuliona hilo. Huyu wa Sengerema aliliona kwa robo moja, na nampa haki yake: alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi.

Filimbi ya nusu ikalia. Wasichana wakaja, wakakaa chini na machungwa mikononi bila kuyala. Waliniangalia mimi.

Nilijua la kufanya. Hata kabla hawajakaa nilijua. Katika wachezaji wangu wote alikuwepo mmoja tu ambaye hakuwahi kusimama kwenye mstari ule, ambaye mikono yake ilizoea kupeleka huku na kule, na nilikuwa nimemketisha kwenye benchi kwa sababu ya upawa na mchuzi. Niliwaza, nikimwingiza, watasema nilisubiri tuzidiwe ndipo nipate kisingizio. Niliwaza pia kwamba nikimwingiza tukafungwa zaidi, litakuwa ni jina lake litakalochafuka, si langu. Na wa kutoka ni nani? Ni yule aliyeingia kwenye maji ya baridi kila asubuhi.

Nilisema nao nikiwa nimesimama.

"Kosa ni langu," niliwaambia. "Niliwafundisha upande mmoja. Nyie mmefanya nilichowafundisha, tena vizuri."

Kisha nikamgeukia msichana wa Ukerewe nikamwambia nahitaji wingi anayekwenda kushoto. Sikuweza kusema "mwanangu". Nilionyesha benchi kwa mkono.

Nilitegemea manung'uniko, nayo yakaja, ila nyuma yangu, kwenye beseni la maandazi. "Upawa huo," ilisema sauti niliyoijua. Mara hii wachache ndio waliocheka.

Msichana wa Ukerewe alivua ile fulana ndogo ya juu yenye herufi za wingi kifuani. Hakunipa mimi. Alikwenda hadi kwa binti yangu, akamvisha mwenyewe, akamfunga kamba za ubavuni, moja moja, bila haraka.

"Kushoto kote ni kwako," akamwambia. "Piga kelele wakusikie. Sisi huko hatuna macho."

Ningependa kuandika kwamba binti yangu alipoingia kila kitu kilinyooka. Mpira wa kwanza aliopewa aliudondosha. Wasengerema wakauchukua, wakafunga, ikawa saba kwa kumi na nne, na mimi nikaangalia ardhi. Niliposikia sauti yake ndipo nikainua macho. Alikuwa amekimbilia ule upande mtupu, peke yake, ameinua mikono miwili ile yenye sugu, anaita: "Kushoto! Kushoto hapa!"

Senta alisita. Niliona mwili wake wote ukitaka kwenda kulia. Kisha akajipinda, kama mtu anayefungua mlango uliokwama, akautoa kushoto. Binti yangu akaudaka na kuutupa kwa mfungaji kabla mguu wake wa pili haujatua, na binti wa wafugaji akaupandisha taratibu kwenye pete.

Baada ya hapo wekundu hawakujua wasimame wapi. Wakija kushoto, ndoo zilipita kulia kama kawaida. Wakirudi kulia, sauti ilikuwa kushoto. Na nisiwanyime haki wengine: mlinzi wetu wa goli aliruka siku ile kuliko alivyowahi kuruka, na yule mtoto wa Kihindi alifunga magoli manne akiwa amekabwa na watu wawili, babu yake akipiga kiti kwa mkongojo. Robo ya tatu iliisha kumi na tatu kwa kumi na sita. Msichana wa Ukerewe hakukaa hata mara moja kwenye benchi. Alitembea pembeni ya mstari wa majivu akiufuata mpira, akipaza sauti, mpaka refa akamwonya mara mbili.

Dakika ya mwisho tulikuwa kumi na tisa kwa kumi na tisa. Mpira ulitoka kwa senta, ukaenda kulia, ukarudi, ukaenda kushoto kwa binti yangu. Alikuwa na nafasi ya kuutupa mara moja. Aliushika kidogo, nadhani sekunde mbili, sekunde ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, akisubiri mfungaji atulie. Akampa. Ukazunguka juu ya pete, ukaingia.

Wasengerema walisema mfungaji alisogeza mguu. Mimi nilikuwa mbali, mguu sikuuona. Refa alisema ni goli. Naandika walichosema kwa sababu walivuka maji kuja kwetu, na haifai sauti yao ibaki ng'ambo.

Shule ililipuka kwa shangwe. Nilibebwa, mwanamke mzima, na kanga yangu ya maharage. Niliposhushwa, mwalimu wa Sengerema alikuwa amesimama mbele yangu, amevua kofia. Alinipa mkono akaniambia, "Mwalimu, hongera. Nusu ya pili umenishinda." Nilitaka kumwambia mimi si mwalimu. Nikajikuta nimesema asante.

Mama wa maandazi naye alikuja, akanitilia maandazi manne kwenye gazeti, na bei hakuitaja.

Msichana wa Ukerewe nilimkuta nyuma ya stoo, analia bila sauti, uso ukutani. Nilikaa chini karibu naye. Alijipangusa, akasema kitu ambacho mwalimu angepaswa kukifikiria tangu mwezi wa pili.

"Mama, tungekuwa tunageuka. Siku moja mgongo kwenye jiwe, siku moja uso kwenye jiwe."

Jumatatu tuligeuka. Nilishuka mwenyewe nikasimama kwenye mstari, uso kwenye jiwe, na ndoo tatu za kwanza zilinimwagikia zote miguuni, wasichana wakinicheka kwa haki kabisa. Kwenye kanda alicheza msichana wa Ukerewe robo mbili na binti yangu robo mbili. Tulitolewa mechi ya pili. Nasema ili nisionekane ninaficha. Lakini mechi ya kwanza tulishinda, na watu wa huko waliuliza shule hii inafundishwa na nani. Wasichana walijibu kwa pamoja: mama mpishi.

Nirudi siku ile ya Juni. Tulitembea kurudi Kiseke watatu, jua likiwa limeshuka nyuma ya mawe. Mume wangu alitangulia kidogo, kama kawaida yake. Binti yangu alibeba viatu mkononi. Tulipopita tanuru, alisema bila kunitazama:

"Ungeniingiza mwanzo, mama, yale magoli sita waliyotuzidi yasingekuwepo."

"Kweli," nilimwambia.

Miaka mingi nilidhani haki ni kumnyima wako ili wa wenzako wasilalamike. Sijui kama sasa naijua haki ni nini. Najua tu kwamba siku ile nilinyima haki mahali pawili, kwa yeye niliyemketisha na kwa mwenzake niliyemfundisha vibaya, na wote wawili walicheza kama vile sikuwakosea. Nimewahi kujivunia vitu vichache maishani. Vingi kati ya hivyo ni wale wasichana.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kwenye viwanda vya minofu, kichwa kimoja kikubwa nilichokiunga kwa nyanya na bamia. Nyumbani kwetu mashavu ya samaki ni ya baba. Hakuna aliyewahi kuyagusa. Mume wangu aliyatoa yote mawili kwa kijiko. Moja akaliweka mbele ya binti yake, la pili mbele yangu, halafu yeye akaendelea kunyonya mifupa, na maandazi manne tukagawana kwa chai ya rangi.